Miaka tisa ya kuitikia: je, ninaweza kusimama mbele?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Mtwara mjini. Nilianzia kwaya ya kanisani nikiwa sekondari, kisha nikaingia bendi. Huu ni mwaka wa tisa naitikia kwenye bendi inayopiga hotelini kila Ijumaa na Jumamosi. Tunapiga zilipendwa, na nyimbo za soul za Marekani ambazo wageni huziomba sana. Studio za hapa nazo huniita nikaweke viitikio. Watu wengi wananiambia sauti yangu inamzidi kaka anayetuongoza. Desemba iliyopita tulikuwa na harusi Masasi, kaka akaumwa, nikapewa nyimbo nne. Zote nazijua kwa moyo. Wimbo wa pili tu sauti ikaanza kukwaruza, wa tatu nikasikika kama niko nyuma ya ukuta, na watu waliendelea kula na kupiga soga. Tangu siku hiyo sina raha. Sasa kuna prodyuza wa Dar es Salaam anasema nimtumie milioni mbili na nusu anisaini, na bendi niiache. Mama anasema umri umekwenda, nitulie. Je, mwitikiaji anaweza kweli kutoka? Na ninywe nini sauti isikauke? Nimeshajaribu tangawizi, asali na mayai mabichi."

Marahaba, dada yangu. Nianzie Masasi, maana naona ndiko moyo wako ulikobaki. Unaamini usiku ule ulipimwa ukaonekana mwepesi, na kwamba sasa kila mtu anajua nyuma ndiko kwako. Mimi nimekaa na waimbaji wa kwaya na wa bendi miaka mingi, na kabla ya kufundisha niliimba sauti ya pili. Nikiisoma habari yako naona mambo matatu ambayo yangempata mwitikiaji yeyote mzuri aliyesukumwa mbele bila maandalizi. Yote matatu yana dawa, ila dawa yenyewe hainywewi.

La kwanza ni kii, yaani kimo cha juu au cha chini ambacho wimbo unapigiwa. Bendi yenu ilipanga kila wimbo kwa kii inayomfaa kaka, halafu wewe ukatafutiwa sauti inayokaa vizuri kooni mwako. Ndiyo sababu umeimba kwa raha miaka yote hiyo. Masasi ulitoka kwenye mstari wako ukaingia kwenye mstari wake, na kii ikabaki ile ile. Mwanamke akifika hapo huwa na njia mbili, zote za taabu: aimbe chini alipo mwanamume, ambako sauti yake haina nguvu, au apande oktavu nzima na kukaa huko juu wimbo wote. Nadhani ulianza chini, hukujisikia, ukapanda. Kukwaruza kulianzia hapo. Mpiga kinanda angeweza kuhamisha kii kwa kubonyeza kitufe, lakini hakuna aliyekuuliza kii yako ni ipi, na pengine hata wewe huijui. Kaa naye mchana mmoja. Imba wimbo ule ule, apandishe au ashushe nusu hatua, nusu hatua, mpaka mfike mahali ambapo kilele cha wimbo kinakutoka kifuani bila kuinua kidevu wala kukaza shingo. Andika kii hiyo kwenye daftari mbele ya jina la wimbo. Fanya hivyo kwa nyimbo kumi, na siku ukiitwa ghafla utampa mpiga kinanda daftari badala ya kumwomba Mungu.

La pili ni pumzi. Waitikiaji watatu hupokezana pumzi: mmoja anavuta, wawili wanashikilia, msikilizaji hasikii pengo. Ni ufundi mzuri, lakini una maana kwamba kwa miaka tisa hukulazimika kuumaliza mstari mrefu kwa pumzi yako peke yako. Ubeti wa soul una mistari mirefu iliyojaa maneno, na mwimbaji asiyepanga pumzi huishiwa katikati ya neno, hukamua koo ili afike mwisho, na kukamua huko ndiko kunakochubua sauti. Chukua karatasi ya maneno, weka alama ya penseli kila utakapovuta hewa, na ufanye mazoezi kwa alama zile zile kila siku hadi mwili uzizoee.

La tatu ndilo ninalotaka tulikalie, kwa kuwa ndilo lililokufanya usikike nyuma ya ukuta.

Sauti hutokea hewa ya mapafu inapopita kati ya nyuzi mbili ndogo zilizo kooni na kuzitikisa. Ukiimba ile noti ya A ambayo wapigaji huitumia kulinganisha vyombo, nyuzi hizo hugusana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Zikiwa peke yake hutoa mlio mwembamba tu kama wa nyuki. Koo, ulimi, mdomo na midomo ndivyo vinavyoupa mlio huo umbo, na ndivyo huamua sehemu ipi ya mlio ikuzwe na ipi ifunikwe. Sikio la binadamu ni kali zaidi katika eneo la karibu na hezi 3,000, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde. Mwimbaji kiongozi, hata kama hajasoma popote, hujifunza kulisha eneo hilo, na hapo sauti yake hupenya juu ya ngoma na magitaa bila yeye kupiga kelele. Kazi ya mwitikiaji ni kinyume chake. Sauti moja ikipenya, kiitikio kimeharibika. Kwa hiyo unayafunika makali hayo ya sauti, unalainisha irabu zako zifanane na za mwenzako wa kulia, unapunguza mtetemo, unachelewa kidogo ili kiongozi atangulie. Umefanya hivyo kila Ijumaa na Jumamosi kwa miaka tisa. Ulipofika mbele, mwili ulifanya ulichoufundisha: ulijificha. Kisha masikio yakakuambia husikiki, ukaongeza nguvu, na nguvu ikaongezeka penye kishindo, penye makali ikabaki ile ile.

Nikuulize na jambo dogo: uliimbia maiki ya kaka au ile yako ya siku zote? Fundi mitambo huzishusha maiki za waitikiaji na kuzikata makali ili zikae chini ya kiongozi. Kama ulibaki na maiki yako, nusu ya ule ukuta ulikuwa kwenye mashine.

Makali hayo unayo tayari, na huyatumia nyumbani. Fikiria mama anavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya uwanja wakati wa magharibi. Hapigi kelele za hasira na koo halimuumi, lakini jina linafika. Simama uwanjani kwenu, ita jina la mtu hivyo, kisha bila kubadilisha kitu chochote mdomoni imba mstari wa kwanza wa wimbo kwa sauti hiyo hiyo. Mwanzoni utaona ni sauti mbaya, ya puani, isiyo na adabu. Vumilia. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Baada ya wiki kadhaa utaweza kuilainisha utakavyo, na hapo kulainisha kutakuwa uamuzi wako.

Kuna kitu kingine ambacho husikika zaidi kwa sisi tunaoimba Kiswahili. Maneno yetu mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nakuPEnda, nimeRUdi, nyuMBAni. Mwitikiaji hukaa kwenye irabu ya mwisho na kuivuta, "nyumbaniiii", kwa sababu huko ndiko sauti tatu hukutana. Mwimba ubeti akivuta mwisho wa kila neno namna hiyo, msikilizaji anapata sauti tamu na hapati habari. Anarudi kwenye pilau lake. Nimewaona waimbaji wazuri sana wakipoteza ukumbi kwa jambo hili moja. Jirekodi kwa simu ukiwa hatua tatu kutoka kwenye simu, bila muziki, ubeti mmoja tu, halafu mpe mtu asiyeujua wimbo akusimulie unahusu nini. Akishindwa, rudia ukiukaza mkazo mahali pake.

Sasa tangawizi na asali. Ukimeza kitu, kinakwenda kwenye umio, njia ya chakula. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na unapomeza mlango wa njia hiyo hufungwa usipaliwe. Kwa hiyo asali haizigusi, yai haliligusi kamwe koo la sauti, na yai bichi linaweza kukupa ugonjwa wa tumbo siku ya onyesho. Hata maji hayazifikii kwa kunywewa pale pale jukwaani. Huzilainisha yakishapita tumboni na kuingia mwilini, kwa hiyo maji ya onyesho la saa tatu usiku huanza kunywewa asubuhi. Asali ikikutuliza, kunywa, ila usiiwekee matumaini. Kinachosaidia zaidi ni usingizi, kutokaa penye moshi wa sigara, na kutoongea kwa kushindana na spika kabla ya kupanda. Kwenye harusi waimbaji hukaa saa nyingi nyuma ya spika wakipiga hadithi kwa sauti ya juu. Sauti huchokea hapo, wimbo wa kwanza bado.

Hujaniambia kama mkwaruzo uliisha. Kama uliisha ndani ya siku chache, ulikuwa uchovu. Ukiendelea zaidi ya wiki tatu, au ukiona noti za juu ulizozizoea hazitoki tena, au unaumia ukimeza, au unatema damu, acha kuimba na uende hospitali. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo au upewe rufaa. Daktari huyo ana kamera nyembamba ya kuziangalia nyuzi zenyewe. Wakati mwingine hukuta vinundu, yaani vivimbe vidogo kwenye nyuzi, na wengi wakisikia neno hilo hulia wakidhani ni kisu. Vinundu vya waimbaji mara nyingi hupungua au huisha kwa kupumzisha sauti na kujifunza upya kuitumia. Kukisia ugonjwa wa koo kwa barua siwezi, na mwalimu yeyote wa muziki akikuambia anaweza, mwogope.

Nije kwenye swali lako kubwa. Mwitikiaji anaweza kutoka? Umeitaja soul, basi tuwatazame wenyewe, maana muziki huo umezaliwa kanisani kwa kiongozi kutupa mstari na wengine kuupokea, kama kungwi anavyoutupa na kina mama wakaupokea kwenye ngoma zetu za unyago huku kusini.

Darlene Love aliimba wimbo ulioshika namba moja Marekani mwaka 1962, akiwa mbele kabisa, na rekodi ikatoka kwa jina la kundi la The Crystals. Sauti ilikuwa yake, jina halikuwa lake. Ilifika wakati akafanya kazi ya kusafisha nyumba za watu. Alirudi, na mwaka 2011 akaingizwa kwenye jumba la heshima la waimbaji wa rock and roll, lakini miaka aliyoipoteza ilikuwa mingi. Luther Vandross aliitikia kwenye albamu ya mwimbaji Mwingereza David Bowie iliyotoka 1975, akaimba matangazo ya biashara, akaitikia kwa wengine wengi. Kundi alilolianzisha lilitoa albamu mbili, 1976 na 1977, zikaanguka. Hakuacha kuitikia. Pesa za kazi hiyo alizitumia kurekodi nyimbo zake mwenyewe, akagoma kutoa kazi asiyoisimamia yeye, na mwaka 1981 albamu yake ya kwanza kwa jina lake ikafanikiwa sana. Lisa Fischer alishinda tuzo ya Grammy mwaka 1992 kwa wimbo wake mwenyewe, akiwa mbele. Kisha akaendelea kuitikia, akizunguka dunia na bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones hadi 2015, na wenzake wanamheshimu kama mmoja wa waimbaji bora kabisa. Huyo naye usimhesabu miongoni mwa walioshindwa. Kuitikia ni kazi kamili, na ukiamua baada ya haya yote kwamba unaipenda kuliko kusimama mbele, utakuwa umechagua, hujakimbia.

Na kwa ajili ya mama yako: Sharon Jones, mwimbaji wa soul wa Marekani, alizaliwa 1956. Aliambiwa na watu wa biashara ya muziki kwamba ni mweusi mno, mfupi mno, mnene mno. Akawa askari wa gereza la Rikers Island, New York, huku akiimba kwenye harusi. Mwaka 1996 aliitwa kuitikia kwenye rekodi ya mwimbaji Lee Fields. Waliitwa waimbaji watatu, akafika yeye peke yake, akaimba sehemu zote. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2002, akiwa na miaka arobaini na kitu. Wewe una 31. Mama anaogopa usiku wa hotelini na pesa zisizotabirika, na hofu hiyo ina haki yake, kwa hiyo mjibu kwa hesabu zako za kila mwezi. Umri hauna hoja hapa.

Ninachokiona kwa hao waliotoka, na kwa wachache niliowaona wakitoka hapa kwetu, ni kwamba sauti nzuri haikuwa kitu cha kuwatofautisha. Wote wanayo, wewe pia unayo. Waliotoka walikuwa na nyimbo zao, au walipata mtu wa kuwatungia na kusimama nao. Mwitikiaji hupata ujuzi wa ajabu wa kubeba nyimbo za watu, na siku ya kwenda mbele hugundua kuwa mfuko wake hauna wimbo hata mmoja. Masasi uliimba nyimbo nne za watu wengine, kwa kii ya mtu mwingine. Harusi ile haikupata nafasi ya kukusikia wewe.

Kwa hiyo ningekushauri miezi kumi na miwili uitumie kutafuta nyimbo tatu. Tatu tu. Ziwe kwa Kiswahili, kwa sababu watakaokununulia tiketi ya kwanza ni watu wa Mtwara, Lindi, Newala na Masasi, na wao wana mambo yao ya kuimbiwa. Kuna mwanamke anayesubiri malipo ya mnada wa korosho huku ada inadaiwa. Kuna mume aliyekwenda Dar es Salaam na simu yake sasa haipokelewi. Soul ni namna ya kusema maneno ya namna hiyo kwa koo lililofunguka, haidai Kiingereza. Kama hutungi, tafuta anayetunga, mwandikiane mgawanyo siku ile ile wimbo unapozaliwa, hata kwenye ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili.

Bendi usiiache. Ndiyo shule yako, ndiyo mshahara wako, na ndiyo ukumbi wako wa majaribio. Prodyuza anayekutaka uache chanzo chako cha pesa kabla hajakupa kingine anakutengenezea utegemezi, hata kama nia yake ni njema.

Na hizo milioni mbili na nusu, usitume. Anayemsaini msanii ndiye anayewekeza pesa, naye hulipwa kazi ikiuzwa. Ukilipa wewe, basi wewe ni mteja wa studio, na mteja huondoka na mali yake: masta ya wimbo, yaani rekodi yake ya asili, mikononi mwako, kwa maandishi. Hizi ni biashara mbili tofauti na zote ni halali, ila mtu anayekutoza kama mteja huku akikufunga kama msanii wake anachukua pande zote mbili. Mwombe mkataba kwa maandishi. Tazama ni miaka mingapi, masta ni ya nani, anachukua kiasi gani cha maonyesho yako, na unatokaje. Mpelekee mwanasheria ausome kabla hujaweka sahihi. Ada ya kusomewa itakuwa ndogo kuliko hasara ya kufungwa.

Hata viitikio ulivyoweka studio vina haki ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji, si mtunzi peke yake. Mimi niliwahi kuimba kwenye kaseti nzima iliyouzwa soko zima la kusini, jina langu halikuandikwa popote, na nililipwa nauli. Sikuwa nimeandikiana na mtu, nikakosa pa kuanzia. Kuanzia sasa, kabla hujafungua mdomo studio, kubalianeni malipo na jina lako liandikwe kwenye maelezo ya wimbo. Nyimbo zako zikiwa tayari zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wewe mwenyewe ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii.

Jambo la kuanza nalo wiki hii ni dogo. Mfuate kaka yenu siku ya mazoezi, faragha, mkiwa mmekaa. Usimwendee jukwaani. Mwombe wimbo mmoja kila Jumamosi, katika zamu ya kwanza, watu wakiwa bado hawajachoka, kwa kii iliyoandikwa kwenye daftari lako. Mwambie fundi mitambo mapema ni wimbo upi, akupandishie maiki na akupe monita ujisikie. Mpe mmoja wa wenzako simu arekodi akiwa meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, maana huko ndiko utakakojua kama maneno yanafika. Jumapili usisikilize. Sikiliza Jumatatu, ukiwa na penseli.